Ukienda kuhesabu kuni za watu, beba mizani

Wiki iliyopita nilipata meseji ya binti mmoja anayesoma chuo pale Iringa. Sijawahi kuonana naye, namba yangu alipewa na rafiki. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Nimeambiwa uliwahi kufanya utafiti wa matumizi ya nishati majumbani. Na mimi ndiyo mada yangu, nitakwenda Kilolo. Naomba unitumie dodoso lako nilirekebishe kidogo. Nina wiki tatu tu."

Niliisoma nikiwa kwenye daladala ya Uyole, hapa Mbeya, nimebanwa kati ya ndoo ya maparachichi na mwanafunzi anayesinzia, nikacheka peke yangu. Dodoso! Kila anayenitafuta anataka dodoso. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mizani nilinunua wapi.

Dodoso ninalo. Lina kurasa 12 na maswali 64, na limepitiwa na watu wenye shahada tatu tatu. Nimelihifadhi kama mtu anavyohifadhi picha ya harusi iliyovunjika. Sasa badala ya kumjibu binti yule peke yake, naandika hapa ili na wengine mnaojiandaa kwenda kugonga milango ya watu msome kabla hamjaaibika kama mimi.

Mwaka 2018 mradi mmoja uliniajiri kusimamia wadodosaji. Jina la mradi halitawasaidia. Tulipewa kaya 240 katika vijiji vya Rungwe na Mufindi, siku tisa za kazi, gari moja lenye kioo kisichofunga. Tuliingia Isongole mwezi wa saba. Anayeijua Isongole mwezi wa saba hahitaji maelezo: ukungu unashuka kutoka mlima Rungwe, saa nne asubuhi mtu bado amejifunga blanketi, na jikoni moto hauzimwi. Sisi tukapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi vyetu. "Shikamoo bibi, mwagonile. Je, kwa wiki unatumia mizigo mingapi ya kuni kwa ajili ya kupikia?" Bibi anafikiri, anajibu, tunabonyeza, tunaaga. Dakika 40 kwa kaya. Nilijiona nimefika.

Mwezi wa tisa tukaitwa kuwasilisha matokeo kwenye hoteli moja Iringa mjini. Nilivaa koti. Nilipofika jedwali la nne, bwana mmoja aliyekaa mbele, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, akanyoosha mkono. "Samahani kijana. Hapo panasema mtu mmoja anamaliza zaidi ya tani mbili za kuni kwa mwaka. Hawa watu wanapikia kuni au wanakula kuni?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba na mimi nilicheka, nikawacheka watu walionikaribisha majumbani mwao na kunipa viazi vya kuchemsha, wakati kosa lilikuwa langu. Mkataba wangu haukuongezwa. Ripoti ikatoka bila jedwali la nne.

Nilikaa miezi miwili nikimlaumu bibi wa dodoso namba 117. Ndiye aliyekuwa na tarakimu kubwa kuliko wote: mzigo mmoja kila siku mbili, kaya ya watu wawili. Mzigo tuliuhesabu kilo 25 kwa sababu kuna ripoti ya zamani ilisema hivyo. Piga hesabu mwenyewe: kilo 25 gawa kwa siku mbili, gawa kwa watu wawili, unapata kilo sita na robo kwa mtu kwa siku. Zidisha kwa 365. Ndiyo, tani mbili na zaidi. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata nukta moja.

Desemba nikapanda Canter lililokuwa linakwenda kuchukua viazi, kwa nauli yangu, nikarudi kwa yule bibi. Safari hii nilibeba mizani ya kuning'iniza, ile ya springi yenye ndoano, niliyoinunua Mwanjelwa. Nilipomweleza kwamba kuni zake zilinifukuzisha kazi aliweka mikono kichwani. Halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe si uliniuliza za kupikia?"

"Ndiyo bibi."

"Na za kuota je? Nani aliniuliza za kuota?"

Nilikaa kwenye kigoda nikatazama juu. Darini kulikuwa na mahindi ya mbegu yamening'inizwa, meusi kwa moshi. Moto ule ulikuwa unapika, unampasha bibi joto, unakausha mahindi, unafukuza wadudu, na jioni unawaangazia wajukuu. Sisi tulileta swali lenye kazi moja. Naye kwa adabu yake alijibu kwa kuni zote, kwa sababu kuni zenyewe hazina vyumba.

Halafu nikamuuliza kuhusu watu wawili. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Wanaolala pale ni yeye na mjukuu mmoja. Lakini mwezi wa saba wajukuu wawili wengine walikuwa wamekuja likizo wakachelewa kurudi, na kulikuwa na vibarua watatu wa kuvuna viazi waliokula pale mchana na jioni. Watu saba wanakula chungu kimoja. Dodoso letu liliuliza "wanaishi" wangapi, na vibarua hawaishi pale, wanakula tu na kuondoka.

Na mzigo? Tukaupima. Kilo 18. Kichwa cha bibi wa miaka sabini na kitu hakibebi kilo 25 kutoka mtoni kwa sababu tu ripoti imesema.

Rudia hesabu sasa: kilo 18, siku mbili, watu saba. Kilo moja na robo hivi kwa mtu, na hapo ni mwezi wa baridi kuliko yote. Yule bwana wa miwani asingecheka. Asingeona hata cha kuuliza.

Nilikaa siku nne. Naeleza namna ya kupima kwa sababu hili ndilo jambo lenyewe. Jioni mnatenga rundo, mnalifunga kwa kamba ya katani, mnalitundika kwenye kenchi, mnaandika kilo. Unamwomba mama mwenye jiko achukue kuni za rundo hilo tu. Kesho yake saa ileile unapima zilizobaki. Kama zimeongezwa, zilizoongezwa nazo zipimwe kabla hazijaingia jikoni. Unatoa, unapata. Ndiyo hivyo tu, haina ufundi mwingine, na ndiyo maana wasomi hawaipendi.

Siku ya kwanza bibi alitumia kilo 12. Nilishtuka. Kumbe alichinja kuku kwa ajili yangu, akachemsha na maji ya mimi kuoga. Ya pili kilo saba kasoro, ya tatu sita na nusu, ya nne saba. Kwa hiyo siku ya kwanza itupe. Mgeni ni gharama, na gharama yake inaonekana kwenye majivu. Watoto wa jirani waligundua mizani inaweza kupima na watu, wakapanga foleni wakining'inia mmoja mmoja. Waache, mama zao watakufungulia milango kesho.

Aibu nyingine ambayo sikuwahi kuisema: mizani yangu ilikuwa inadanganya kwa kilo moja na nusu, nikagundua siku ya tatu. Maji lita 10 yana uzito wa kilo 10. Pima ndoo tupu, ijaze lita 10, pima tena, tofauti iwe kumi. Inachukua dakika tatu na hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Mimi mwenye shahada nilikumbuka baada ya siku tatu.

Ukishapata kilo ndipo unaweza kuziweka nishati zote kwenye kapu moja. Kuni zilizokauka vizuri zina nishati ya megajuli kama 15 au 16 kwa kilo, mkaa kama 29, gesi ya mtungi kama 46, na yuniti moja ya umeme ni megajuli 3.6 kamili. Kuni mbichi ni habari nyingine, moto wake unatumika kwanza kukausha maji yake. Na kwenye kugawa kwa watu kuna kanuni inayotumiwa sana katika vipimo vya jikoni: mwanaume wa miaka 15 hadi 59 ni mtu mmoja, mwanamke ni 0.8, mtoto wa chini ya miaka 15 ni nusu, na mwanaume aliyevuka 59 anashuka naye kwenye 0.8. Bibi wa dodoso 117 akisikia kwamba yeye ni 0.8 ya kijana anayelala mpaka saa tatu, atanifukuza na mizani yangu.

Mjini mambo yanabadilika sura ila kosa ni lilelile. Pale Ilomba na Mwanjelwa ukiuliza mkaa utajibiwa "gunia moja kwa mwezi", na wewe kwa furaha utaandika gunia moja. Gunia lipi? Kuna la mbolea la kilo 50 lililofungwa kawaida, na kuna lumbesa, lumbesa ileile inayopigiwa kelele kwenye viazi, yenye kilemba cha matawi na kamba juu. Nilipima magunia mawili kwa muuzaji mmoja, bei ikitofautiana elfu chache: moja kilo 33, lingine 58. Na wengi hawanunui gunia kabisa, wananunua kwa kopo au kwa sado, leo la mia tano, kesho la elfu. Muulize anunuavyo, kisha nenda kwa muuzaji wake ukapime kopo lilelile. Makopo yanabonyezwa chini kwa makusudi, msijifanye hamjui.

Umeme ndio niliodhani rahisi, maana LUKU, ile mita ya kulipia kabla, inaandika yenyewe. Nikawa nauliza, "Mnaweka umeme wa shilingi ngapi kwa mwezi?" halafu nagawa kwa bei ya yuniti. Ujinga. Bei haiko moja. Walio kwenye daraja la matumizi madogo, yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, wanalipa shilingi 122 kwa yuniti pamoja na kodi, yaani 9,150 kwa zote 75. Wengine wanalipa karibu 356. Na kodi ya jengo inakatwa humohumo kila mwezi, siku hizi 1,500, kwa hiyo kwa hawa wa 356 elfu kumi ya kwanza ya mwezi inaleta yuniti kama 24 na elfu kumi ya pili inaleta 28. Anayegawa pesa anagawa upepo. Soma salio kwenye mita siku unayofika, omba uone meseji za LUKU kwenye simu, rudi baada ya wiki usome tena. Salio la kwanza ongeza yuniti zilizoingia, toa salio la mwisho. Nyumba moja ya Ilomba: 14.6, zikaingia 28, zikabaki 19.1. Wametumia 23.5.

Halafu nikagundua mita ile ni ya wapangaji wanne.

Hapo nilikaa kwenye ngazi nikasikiliza ugomvi wa nusu saa. Wanachanga elfu tano tano. Mama wa chumba cha mwisho ana friji ya kuuzia barafu. Kijana wa chumba cha pili anachemsha maji ya kuoga kwa hita ya kuzamisha kwenye ndoo, kwa sababu Mbeya ndiyo Mbeya, na anasema hita haili umeme. Ile hita ilikuwa imeandikwa wati 2,000. Ikikaa nusu saa ni yuniti nzima. Mwenye taa mbili na redio ndiye anayelipia maji ya moto ya mwenzake. Ningepita na dodoso ningeandika kaya moja, yuniti 23.5, nikaondoka. Wangekaribia kupigana nyuma yangu na mimi nisingejua kwamba nimekosa takwimu tatu.

Gesi sasa. Tangu mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uzinduliwe Mei 2024, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034, watu wanaona haya kusema wanapikia mkaa. Unaingia, mtungi wa kilo sita upo sebuleni kabisa, umefunikwa kitambaa cha kufuma. "Tunatumia gesi, baba." Sawa mama. Inua kitambaa kwa macho: jiko lina vumbi, au burner ni nyeusi? Muulize maharage ya jana yaliivia wapi. Maharage na makande hayasemi uongo, hakuna mama wa Mbeya anayemaliza mtungi kwa makande. Chai na mayai ya asubuhi ni gesi, maharage ni mkaa, mvua ikinyesha mkaa ukaloa ni gesi tena. Swali la "chanzo kikuu" linalazimisha jikoni lenye majiko matatu litoe jibu moja.

Na ukiwa mwanaume mwenzangu, usimhoji baba. Najua ndiye aliyekupokea, ndiye aliyesaini. Alinijibu baba mmoja wa Mufindi kwamba nyumba yake inatumia mabanzi ya trela moja kwa miezi mitatu, na nyuma ya pazia nikasikia mkewe anaguna. Nilipozunguka jikoni nikamwambia "Kamwene mama", akanifunulia mengine. Trela linakwisha mwezi mmoja na nusu, kwa sababu kila Alhamisi anapika komoni, pombe ya kienyeji, ya kuuza. Komoni inachemshwa, tena sana. Wenzake wa pombe ya ulanzi wanagema tu mianzi, hawahitaji hata njiti. Kuni za biashara na kuni za ugali zilikuwa zinatoka kwenye rundo moja, na mume hajui au hataki kujua. Siku ya komoni pima peke yake.

Sasa nisemee hili ambalo wengi hawataki kuliandika. Vijana wetu wanapika takwimu. Mwaka ule mdodosaji wangu mmoja alileta madodoso 14 kwa siku, nikampongeza mbele ya wenzake. Jioni nikafungua ramani: KoboToolbox, programu tuliyojazia madodoso, ilikuwa imechukua eneo la kila dodoso, na yote 14 yalikuwa kibanda kimoja cha chipsi pale Kiwira. Nilimfukuza kwa kelele. Sikuwaambia kwamba siku mbili kabla, mvua inanyesha, gari limekwama, mimi mwenyewe nilijaza matano nikiwa chini ya mparachichi, kwa kukisia kutoka kaya za jirani. Matano kati ya 240. Nilijiambia hayatabadilisha wastani. Kweli hayakuubadilisha, ila kila nilipotetea jedwali lile nilijua nini kimo ndani.

Kwa hiyo vijana, nawaambia bila kuzunguka. Acheni kukimbizana na idadi ya kaya. Kaya 30 zilizopimwa siku tano tano zina thamani kuliko 300 zilizoulizwa mlangoni. Msimamizi wako atakataa, atasema sampuli ndogo. Mwambie pima 30, uliza 300, halafu tumia zile 30 kusahihisha zile 300. Wenye kazi ya nishati wanafanya hivyo. Rudi mara mbili kwa mwaka, wakati wa baridi na wakati wa joto, na kama chuo hakina pesa ya safari mbili basi andika wazi kwenye kichwa cha habari kwamba ni mwezi wa saba, usizidishe kwa 12. Usizidishe kwa 12! Nalirudia kwa sababu kuugeuza mwezi wa saba kuwa mwaka mzima ndiko kulikonimaliza. Barua ya mtendaji usiisahau, mwenyekiti wa kitongoji mpitie mapema, lakini hayo utaambiwa na kila mtu. Pima. Posho ikiwa ndogo, pima kaya chache. Ukikosa mizani, azima kwa muuza viazi.

Nimefanya kazi ya namna hii mara sita tangu wakati ule, na safari zote sita hakuna aliyecheka. Mwaka juzi yule bwana wa miwani alinipigia simu, anatafuta takwimu za mkaa za Mbeya mjini, amesikia ninazo zilizopimwa. Akaniita "mtaalamu". Hakukumbuka kabisa kwamba tumewahi kuonana. Nilimtumia, na bei nilimtajia nzuri.

Binti wa Kilolo nilimjibu Jumapili, meseji ndefu kama hii. Akajibu: "Asante sana kaka, nimejifunza mengi. Ila dodoso bado sijaliona." Nimemtumia, nikafuta ukurasa wa nne. Jana kapiga simu kuuliza kama mizani yangu inafika kilo 50. Inafika. Anakuja Ijumaa na basi la asubuhi kuichukua. Ndoano ilikuwa imeshika kutu, nimeipaka grisi, na ndoo ya lita 10 nimeiweka mlangoni ili aijaribu hapahapa kabla hajaondoka nayo.